Bomba la Mbele

Mashine ya kunyunyizia dawa ilifika mgodi wa Nyakalembe ndani ya sanduku la mbao, juu ya lori lililoleta mahindi ya wafanyakazi kutoka Mwanza. Bwana Holisi, Mzungu aliyesimamia karakana ya mgodi na pia klabu ya wenzake, alisimama pale pale mpaka sanduku likafunguliwa. Magugu yalikuwa yameushinda uwanja wa nyasi wa klabu, yakavuka na kuingia kiwanja cha ndege kilichokuwa nyuma yake. Wakubwa wa kampuni walikuwa njiani kuja, naye hakutaka washukie kwenye mbigili.

"Donatus," alisema, "hii utaifunga juu ya ile mashine kubwa ya kukatia nyasi. Nataka ikate na kumwaga dawa kwa safari moja."

Donatus alikuwa fundi mwenye jina. Alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, aliyefundishwa kazi ya chuma na mabruda wa misheni ya kwao, na pale mgodini hapakuwa na kitu chenye nati na bolti ambacho hakikupita mikononi mwake. Alivitoa vyombo kimoja kimoja: tangi la bati nene, pampu ndogo ya kuzungushwa kwa mkanda, bomba refu lenye vitundu vya kutolea dawa, na mpira wa maji uliokunjwa kama nyoka aliyelala. Chini kabisa palikuwa na karatasi yenye picha. Donatus aliitazama mara moja akaelewa. Katika picha, bomba lenye vitundu lilifungwa nyuma ya mgongo wa dereva, ili kila anavyokwenda awe anaiacha dawa, asiingie ndani yake.

Ila mashine yao ilikuwa na injini mbele, visu katikati, na kiti cha dereva nyuma kabisa juu ya gurudumu la chuma. Kulifunga bomba nyuma kulitaka kiti king'olewe, fremu mpya ichomelewe, na ule mpira upitishwe chini kwa chini mpaka mwisho. Ilikuwa kazi ya siku kadhaa. Mbele, kwenye pua ya mashine, palikuwa na matundu ya bolti tayari. Hapo ilikuwa kazi ya alasiri moja, na mpira ungebaki mwingi.

Donatus aliupima ule mpira kwa mikono, akawaza nyumbani. Mkewe Anisia alikuwa na mimba kubwa, na kila siku aliinama kuchota maji kwenye pipa la mvua huku akishika kiuno. Alikwisha kumwambia mumewe zaidi ya mara moja kwamba fundi wa watu wote hana ufundi nyumbani kwake.

Akalifunga bomba mbele. Kabla jua halijazama, mpira uliobaki ulikuwa umeungwa kwenye pipa la Anisia, maji yakishuka yenyewe mpaka jikoni.

"Wameuruhusu?" Anisia aliuliza.

"Ni kipande kilichobaki," alijibu. Na kweli kilibaki, kwa sababu yeye alikiacha kibaki.

Kesho yake Bwana Holisi aliizunguka mashine mikono mgongoni. Alikumbuka ile picha, akauliza mbona bomba liko mbele. Donatus alikuwa na jibu tayari. Alisema dereva ataviona vitundu vikiziba, aweze kusimama na kuvizibua, wakati bomba la nyuma lingemtaka ageuze shingo kila saa. Bwana Holisi alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema ni akili nzuri. Donatus aliipokea sifa ile, lakini haikumkaa vizuri kifuani.

Dereva wa mashine alikuwa Mihayo, kijana wa Kisukuma kutoka Samuye, mrefu, mwenye kupenda kucheka. Alikuwa amechunga ng'ombe wa baba yake tangu utoto kabla ya kuja mgodini, na alikuwa akiiambia ile mashine maneno ya kuswagia ng'ombe, hoo, hoo, kana kwamba inasikia. Alipanda kitini akiwa na katambuga za mpira wa gari miguuni na kaptula.

"Mwangaluka, Baba Epifania," alisema, akimwamkia Donatus kwa Kisukuma na kwa jina la mtoto wake wa kwanza. "Leo umempa pembe huyu dume wangu."

Donatus alicheka. Mihayo aliwasha injini, mkanda ukazungusha pampu, na mbele ya pua ya mashine pakatanda ukungu mweupe wa dawa. Upepo ulikuwa ukitoka upande wa ziwa. Mashine ilipogeuka kuukabili, ukungu ulirudi ukamlowesha Mihayo magoti na miguu. Alizunguka uwanja mara chache, akasimama kando ya Donatus akijifuta miundi kwa kiganja.

"Inanuka kama dawa ya josho la ng'ombe," alisema. "Ndiyo hiyo hiyo?"

Donatus alijua kwamba ndiyo. Alikuwa ameyaona madebe, na aliijua alama ya fuvu la kichwa iliyochorwa juu yake.

"Imetiwa maji mengi," alisema. "Ukimaliza kazi, oga."

"Kwetu ndama akiinywa ile, hafiki zizini."

"Wewe si ndama, na huinywi."

Mihayo akacheka, akaondoka na mashine yake.

Wakubwa wa kampuni walikuja wakaenda, wakausifu uwanja. Bwana Holisi alifurahi, akaamuru dawa iendelee kumwagwa pande zote za kiwanja cha ndege, na kando ya barabara ya magari, na kuzunguka nyumba za Wazungu. Mihayo alishinda juu ya kiti kile msimu mzima wa mvua. Jioni alikuwa akioga kama alivyoambiwa, lakini mchana kutwa alikuwa amekwisha kulowa, akakauka, akalowa tena.

Donatus alianza kuona vitu ambavyo hakutaka kuviona. Kwanza ulikuwa weupe kati ya vidole vya miguu vya Mihayo, kama ukurutu. Kisha vidonda vidogo vilivyokataa kupona. Nyayo zake zikawa ngumu, zenye vinundu kama mahindi mabichi. Mihayo alikuwa akija karakana kutia mafuta ya mashine, na Donatus akajifunza kumtazama usoni tu, asishushe macho.

Siku moja Mihayo alisema tumbo linamkata na chakula hakikai. Hospitali ya mgodi ikampa dawa ya kuzuia kuhara. Akarudi kazini. Baadaye akasema miguu imekufa ganzi, anakanyaga kama anakanyaga pamba. Siku iliyofuata alishuka kitini akaanguka chali, katambuga moja ikabaki juu ya mashine. Walimbeba kwa machela hadi wodini.

Hapo Donatus angeweza kusema, na alijua. Alikwenda hadi mlangoni mwa ofisi ya Bwana Holisi akiwa ameshika kofia mkononi. Lakini kulisema lile neno kulimaanisha kusema kuhusu picha, na kuhusu mpira, na kuhusu jibu lake la siku ile lililoitwa akili nzuri. Bwana Holisi alipoinua uso, Donatus aliuliza kama spana kubwa imeshaagizwa.

Mihayo alikuwa hana mke. Chakula chake alikula kwa Bhoke, mwanamke wa Kikuria aliyepika uji na ugali kwenye kibanda kando ya njia ya kambini. Mumewe alikuwa mchimbaji, akafukiwa na mwamba shimoni, naye hakurudi kwao Mara. Alisema amezoea. Alikuwa na maneno machache na mkono mkarimu wa kupakua, na wachimbaji wengi walimpenda kwa ajili ya huo mkono.

Mihayo alipolazwa, kaka yake Mageni alikuja kutoka Samuye. Mageni alikuwa mtu mzima, mkulima wa pamba, mwenye huzuni iliyotafuta pa kukaa. Aliuliza watu ndugu yake alikuwa anakula wapi, wakamwambia. Aliuliza huyo mwanamke ni nani, wakamwambia ni mjane, wa mbali, hana mtoto. Alikwenda kwa mganga wa kienyeji ng'ambo ya mto, na aliporudi alisema tu kwamba mganga ameona chungu na mkono wa mwanamke. Neno likazunguka kambini. Kwanza waliacha kula kwa Bhoke wale waliokuwa na wake. Kisha wakaacha wote.

Asubuhi moja Donatus alipita pale akienda kazini. Chungu cha uji kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni, na Bhoke ameketi kando yake, mwiko mkononi.

"Baba Epifania," alisema, "na wewe unaniogopa?"

Wachimbaji waliokuwa wakishuka njiani walipunguza mwendo. Donatus alishika kibuyu, akanywa uji wake wote mbele yao bila kupumzika, akarudisha kibuyu.

"Uji mzuri, dada," alisema.

Bhoke alimtazama kwa macho yaliyojaa maji. "Asante, baba. Mungu akuone."

Kutwa nzima Donatus alijishikiza kwenye jambo hilo. Alijiambia kwamba amefanya kitu, kwamba amemtetea. Lakini kila maneno yale ya Bhoke yalipomrudia, aliweka chini alichokuwa amekishika.

Padri alifika Nyakalembe kusoma misa na kuungamisha. Donatus alipiga magoti, akaungama kwamba amechukua mpira wa maji wa kampuni. Alingoja aone kama mengine yatatoka yenyewe. Hayakutoka. Padri alimwambia aurudishe, asali rozari. Donatus alikwenda nyumbani akaufungua mpira kwenye pipa. Anisia, ambaye sasa alikuwa amejifungua na kumbeba mtoto mgongoni, alimwangalia akiukunja.

"Si ulisema ni kipande kilichobaki?"

"Wanakitaka."

Mkewe alichukua kata, akainama kuchota.

Donatus aliuweka mpira katika stoo ya karakana. Alitegemea kwamba moyo utapungua uzito, lakini ukazidi, kwa sababu sasa alikuwa amemdanganya hata padri, na kwa kusema kweli.

Jumatatu yake watu wa kambi walimvamia Bhoke. Hawakumpiga. Walivunja vyungu, wakamwaga unga, wakaung'oa ukuta wa mabua wa kibanda chake. Mnyapara wa kambi, mzee mmoja aliyeitwa Stanslaus, alifika baada ya vurugu, akamwambia Bhoke ni heri aondoke kwa usalama wake, maana yeye hawezi kumlinda. Donatus aliyasikia yote akiwa karakana. Vyungu vilikuwa vikivunjika kimoja kimoja, naye alisimama nyuma ya mlango ameshika spana.

Baadaye Bhoke alipita mbele ya karakana na furushi kichwani. Alipomwona Donatus mlangoni alisimama.

"Baki salama, Baba Epifania," alisema. "Ukimwona Mihayo, mwambie sikumfanyia kitu."

"Nenda salama, dada," Donatus alisema.

Alimtazama mpaka alipopotea kwenye kona ya barabara kuu.

Hakurudi kazini. Alikwenda moja kwa moja wodini. Mihayo alikuwa amelala, miguu imefungwa vitambaa, nywele zimenyonyoka. Mageni alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya kitanda. Donatus hakukaa.

"Nimekuja kusema jambo," alisema. "Mageni, na wewe usikie. Mihayo hakulogwa, wala hakulishwa kitu. Ni ile dawa. Bomba lilitakiwa lifungwe nyuma, nami nikalifunga mbele. Niliona kwenye picha. Nilifanya hivyo ili kazi iwe nyepesi, na mpira uliobaki niliupeleka kwangu."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia ukutani. Mihayo alimtazama Donatus kwa muda mrefu bila hasira, kama mtu anayejaribu kumkumbuka.

"Nilikuuliza," alisema mwishowe. "Nilikuuliza kama ni dawa ya josho."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia nioge."

Mageni alikuwa amesimama. Donatus alidhani atapigwa, na alitamani iwe hivyo. Lakini Mageni aliketi tena taratibu, akajishika kichwa.

"Yule mwanamke," alisema. "Nimemvunjia vyungu mimi mwenyewe."

Bwana Holisi alimsikiliza Donatus akiwa amesimama, akitazama dirishani. Alisema dawa ile inatumika nchi nyingi na hakuna anayekufa. Alisema labda kijana alikuwa na ugonjwa wake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba bomba lihamishwe nyuma kabla mashine haijatoka tena, na kwamba habari hii isizungumzwe kambini. Donatus alilihamisha bomba. Alichomelea fremu, akang'oa kiti na kukirudisha, akapitisha ule mpira chini kwa chini. Kazi yenyewe haikuwa ngumu kama alivyojiambia siku ile.

Lile la pili hakulitii. Wachimbaji walipokusanyika kupokea posho ya mahindi, alimwomba Stanslaus nafasi, akawaeleza. Wengine walimtukana. Wengine hawakumwamini, wakasema amehongwa na yule Mkuria. Mtu mmoja aliuliza mbona alingoja mpaka mwenzake afukuzwe. Habari zilipomfikia Bwana Holisi, Donatus aliondolewa ufundi mkuu, akawekwa kunoa visu.

Walisikia kwamba Bhoke yuko Runzewe, kwa shemeji yake aliyeuza chumvi na samaki wakavu. Donatus na Mageni wakapanda lori la pamba. Mageni alikuwa na mbuzi aliyemnunua njiani, na njia nzima alimshika pembe bila kumsemesha Donatus. Haikuwa chuki, ila walikuwa na aibu moja na kila mmoja hakupenda kuiona kwenye uso wa mwenzake.

Bhoke aliwakaribisha kwenye gunia nje ya duka la shemeji yake. Mageni alizungumza kwanza. Alisema kwa Kiswahili chake kizito kwamba alitafuta mtu wa kumlaumu, akamchukua yule asiye na mtu. Alisema kwao mtu akivunja cha mwenzake huleta mnyama, naye ameleta. Bhoke alimtazama mbuzi, akamwita mtoto wa shemeji yake aje kumfunga.

"Nimepokea," alisema. "Wewe ulikuwa na ndugu kitandani. Hasira yako naielewa."

Kisha akamgeukia Donatus, naye akaeleza yote, bila kuruka picha wala mpira. Bhoke alisikiliza akichambua mchele kwenye ungo. Donatus alipomaliza, mikono ya Bhoke ilisimama.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza alipolowa."

"Kwa hiyo siku ile uliyokunywa uji wangu mbele za watu, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, dada."

"Nilikushukuru," Bhoke alisema. "Nililala nikikuombea. Nikasema, katika kambi nzima yuko mmoja."

Donatus alisema kambi sasa inajua ukweli, kwamba Stanslaus amekubali arudi, kwamba yeye mwenyewe atamjengea kibanda kipya, cha udongo, chenye bati. Bhoke alirudia kuchambua mchele.

"Kibanda nitajenga hapa," alisema. "Kilichoniweka huko ni mume wangu aliyefia shimoni, sikuwa na kingine. Rudi tu, Baba Epifania. Umesema, nimesikia. Lakini usiniombe nikuambie yamekwisha, maana sijui kama yamekwisha."

Hakumpa mkono. Donatus alimshika Mageni begani, wakaenda kungoja lori.

Mihayo hakufa. Alipata nguvu za kuketi, kisha za kusimama kwa mikongojo, lakini ganzi haikutoka miguuni. Daktari wa mgodi alisema huenda ikatoka na huenda isitoke. Kampuni ikamwandikia kurudi kwao. Siku ya safari Donatus aliomba ruhusa, akambebea sanduku lake la bati mpaka barabarani. Njiani Mihayo alimweleza habari za ng'ombe wa baba yake, yupi ana mimba na yupi mkorofi, kama mtu anayepitisha wakati na mgeni asiyemjua sana. Alisema ataanza kuchunga ndama, kwa sababu ndama hawaendi mbali. Donatus alitaka kumwomba msamaha, akaona kwamba ni kumtwisha mzigo mwingine, akalihamishia sanduku bega la pili.

Lori la kwenda Shinyanga lilisimama. Mageni alipanda kwanza, akanyoosha mikono kumpokea ndugu yake. Kikanyagio cha chuma kilikuwa juu, na Mihayo aliinua mguu, ukapita pembeni, ukagonga bati. Akajaribu tena, ukapita tena. Abiria walikuwa wakitazama. Donatus alipiga goti barabarani, akaukamata mguu ule kwa mikono miwili. Ulikuwa wa baridi, ngozi yake ngumu kama gamba. Akauinua, akauweka juu ya chuma, akaushikilia.

"Umefika?" Mihayo aliuliza, akiangalia mbele.

"Umefika," Donatus alisema.

Mihayo akajisukuma, akapanda.